Ngozi Isiyoletwa

Siku hizi watoto wanafundishwa kubishana shuleni. Wanasimama pande mbili, huyu anasema mjini kuzuri, yule anasema shambani kuzuri, na aliyesema kwa sauti kubwa ndiye anayepigiwa makofi. Mimi herufi nilizipata ukubwani, kwa wamisionari, nikajua kusoma kidogo na kuandika kidogo, nikaacha. Lakini kubishana nilifundishwa nikiwa binti wa kuchunga mbuzi, na aliyenifundisha ni mama yangu, naye hakuwa amesimama mbele ya mtu. Alikuwa amepiga magoti anasaga uwele.

Zilikuwa enzi za Wajerumani. Reli ilikuwa imeshafika Dodoma, na akida alikuwa amewekwa pale atutawale na kuamua kesi, mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe hata siku ya vumbi, Kigogo hajui hata neno la kuomba maji. Sisi tulikaa upande wa Nkuhungu, ambako wakati huo kulikuwa na miiba na mashamba tu. Baba alikuwa amefariki. Alimwacha mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume ambaye bado alikuwa mgongoni. Mvua zikakataa, njaa ikaingia, na mama maziwa yakamkauka. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena. Uji aliutema. Miguu yake ikawa vijiti. Mama aliona wazi kwamba mtoto huyo asipopata maziwa ya ng'ombe atamzika, na hakuwa mtu wa kujidanganya.

Ng'ombe tulikuwa naye, kwa maneno. Sisi Wagogo hatuweki mali yote zizi moja. Ugonjwa ukipita kwako, uwe na ng'ombe kwa rafiki kule ulikokosa kupita. Rafiki anamtunza, anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako na ndama wake ni wako. Akifa, rafiki anakuletea ngozi uione kwa macho, na masikio yawemo, kwa sababu alama yako imekatwa masikioni. Ngozi ndiyo neno lake. Asipoileta, analipa ng'ombe. Baba alikuwa amemweka ng'ombe wake mmoja, wa maziwa, kwa rafiki yake kule Hombolo. Mama alipotuma mtu kumwomba, yule rafiki akajibu kwamba ng'ombe alikufa zamani, kwa sotoka, ule ugonjwa uliomaliza mazizi, na ngozi waliila wakati wa njaa.

Mama akaenda kumwita kaka yake, mjomba wangu, maana mwanamke hakusimama barazani kwa akida kusema kama yupo mwanamume wa kumsemea. Mjomba alikuwa mrefu, mzuri wa sauti, akicheka zizi zima linageuka. Akaketi mlangoni akaanza kumwaga maneno atakayoyasema huko. Kwamba marehemu alikuwa mtu mwema. Kwamba yule wa Hombolo ni mchoyo tangu ujana. Kwamba kila mtu anajua. Kwamba mjane anaonewa. Mama akasaga mpaka mjomba akamaliza, kisha akasimamisha jiwe.

Akamuuliza huyo kila mtu ni nani, aje barazani aseme. Mjomba akakosa jina. Akamwambia wema wa marehemu haukamuliwi, na hata mchoyo ng'ombe wake hufa. Kila neno alilolitoa mjomba, mama alikuwa akijifanya yule wa Hombolo na kulijibu, tena alimjibia vizuri kuliko ambavyo mwenyewe angeweza, mpaka mjomba akakasirika.

"Dada, wewe uko upande gani?"

"Upande wa mtoto," mama akasema. "Neno ninaloweza kulivunja mimi hapa na unga mikononi, yeye atalivunja barazani. Liache hapa."

Mimi nilikuwa napepeta pumba, nasikiliza. Walikaa hivyo mchana kutwa, na mchana wa pili. Mwishoni yakabaki maneno machache sana, mjomba akayadharau kwa uchache wake. La kwanza, ng'ombe aliwekwa, na waliomwona akipelekwa wapo. La pili, ngozi haikuletwa. La tatu ndilo mama alilolisaga zaidi kuliko uwele. Sotoka ilipita kwanza. Halafu yakaja mavuno mazuri, na katika mavuno hayo baba akafariki. Njaa ilikuja baada ya hapo. Sasa kati ya kifo cha ng'ombe na kuliwa kwa ngozi kuna mavuno mazima, watu wameshiba, na ngozi iko wapi? Yule rafiki alikuja msibani kwetu. Alikuja mikono mitupu.

Kulikuwa na neno moja zaidi, la mjomba mwenyewe. Alipita Hombolo akaona kwa yule bwana ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, kama yule wetu alivyokuwa. Akasema huyo ni binti yake, damu haifichiki. Mama akamkataza. Akasema rangi hailetwi na mama peke yake, na dume mmoja anazunguka mazizi mengi. Mjomba akaitika. Aliitika kama mtu anavyoitika ili aachwe apumzike.

Siku ya baraza tulikwenda Dodoma, mtoto mgongoni kwa mama, mimi na kibuyu cha maji. Akida aliketi kwenye kiti, wazee wetu kwenye vigoda pembeni yake, na mkalimani katikati. Wanawake tulikaa nyuma. Mjomba akaanza vizuri. Akaeleza ng'ombe alivyowekwa, akataja mashahidi, wakaitika. Akasema ngozi haikuletwa, wazee wakatikisa vichwa. Vile vichwa ndivyo vilivyomharibu. Nilimwona mgongo unanyooka, sauti inakuwa nene, nikajua anatoka njiani. Kabla hajafika kwenye lile neno la mavuno, akarukia ng'ombe mwekundu mwenye baka.

Yule wa Hombolo alikuwa mfupi, mpole wa uso. Akamwacha amalize, kisha akauliza taratibu kama mjomba anaye ng'ombe mwenye baka jeupe tumboni. Mjomba akasema anaye.

"Basi shemeji, na huyo ni wangu," akasema. "Kesho nitakuja kumchukua. Damu haifichiki."

Baraza likacheka. Wazee wakacheka, hata akida alipotafsiriwa akacheka. Yote mazuri aliyoyasema kabla yakafagiliwa pamoja na lile moja bovu, na akida akaanza kujisogeza kitini kama mtu aliyemaliza.

Mama akasimama. Hakuomba ruhusa kwa maneno, alisimama tu na mtoto mgongoni mpaka mkalimani akaona haya kumpita. Akida akasema mwacheni aseme. Mama akamgeukia yule bwana, akamwita shemeji kwa heshima, akasema neno la baka tumeliacha, kaka yangu amekosea, naye asimchukulie ng'ombe wake. Watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Kisha akamuuliza ng'ombe wetu alikufa lini. Akasema kwa sotoka. Akamuuliza nyama waliifanyaje. Akasema ilikuwa nyingi, walikula mpaka mbwa wakachoka. Na ngozi? Ngozi waliila kwenye njaa.

"Ulipokuja kumlilia mume wangu, shemeji, ilikuwa sotoka au njaa?"

Akaanza na sotoka, akaacha. Kila mtu pale alijua msiba wa baba ulikuwa wa mavuno, walikunywa pombe ya uwele kwetu. Mama hakumsaidia. Akasema tu kwamba siku hiyo ngozi ilikuwepo nyumbani kwake, kama ng'ombe alikufa, na njia ya Nkuhungu aliijua maana aliipita. Akaketi.

Mzee mmoja, mkavu, mwenye jicho moja, akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa hilo, ingawa siku hiyo nilimchukia. Akasema maneno ya mama yameonyesha kuwa ngozi ilifichwa au haikuwepo. Hayakuonyesha kwamba ng'ombe yu hai, wala kwamba ana watoto. Mtu anaweza kuficha ngozi kwa uvivu au kwa aibu. Kwa hiyo wasimhukumu kwa wizi. Wamhukumu kwa lile lililoonekana: hakuleta ngozi, alipe ng'ombe mmoja. Wazee wakakubali, akida akakubali.

Yule bwana akasema atatoa mtamba, ambaye hajazaa bado. Mama akasema, bado ameketi, kwamba aliyewekwa alikuwa wa maziwa. Wazee wakaona ni haki, wa maziwa kwa wa maziwa. Hapo yule mpole akatoa la mwisho alilokuwa amelificha. Akasema sawa, yupo aliyezaa juzijuzi, wamchukue. Ndama abaki kwake, kwa sababu baraza limesema ng'ombe mmoja, na ndama hakutajwa na mtu.

Akida akasema hesabu hiyo imenyooka. Mtu wa pwani, alijua maziwa kwenye kikombe tu. Wazee wetu wakatazamana. Ng'ombe wetu hawa hawashushi maziwa bila ndama. Ndama anaanza kunyonya, ndipo anasogezwa pembeni unakamua. Ukimwondoa, ng'ombe anazuia, unavuta chuchu mpaka vidole vinavimba. Lakini akida alikuwa ameshasema, na hakuna mzee aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia kwamba hajui ng'ombe.

"Haya shemeji," mama akasema. "Ng'ombe wangu, ndama wako. Basi uje naye kwangu kila asubuhi nikamue, urudi naye, uje naye tena jioni. Sitamgusa."

Kutoka Hombolo mpaka Nkuhungu mtu mzima akitoka asubuhi anafika jioni, amechoka. Mzee wa jicho moja ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akafuta lile jicho. Mkalimani akamweleza akida mambo ya ng'ombe na ndama, kwa muda mrefu na kwa mikono, kama kwamba ni mama aliyeomba maelezo, si akida asiyejua. Akida akasema ndama akae na mama yake mpaka aachishwe, kisha arudishwe. Yule bwana akaitika. Sijui mpaka leo kama ng'ombe wa baba alikufa kweli. Mama naye alisema hajui, na hakuwahi kumwita mtu yule mwizi, hata nyumbani.

Tulikwenda kumchukua wenyewe. Mjomba alimswaga kimya njia nzima, mimi nikamvuta ndama kwa kamba. Tulipofika mama hakungoja apumzike. Akanipa ndama nimshike, nikamsogeza, akanyonya kidogo, nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Mama akachuchumaa na kibuyu. Kisha akamshusha mtoto mgongoni, akamtilia maziwa yakiwa bado na joto, kidogo kidogo, kwa kiganja. Funda la kwanza likatoka puani. La pili akalimeza, akafungua mdomo tena.