Mbegu ya Uvunguni

Juzi nilisimama Nyololo kununua viazi. Kijana muuzaji akanionyesha gunia lililovimba kupita mdomo wake, kilemba kizima cha viazi juu kikiwa kimezuiwa na kamba, akasema kwa fahari, "Mama, hii ndiyo lumbesa yenyewe." Nilimjibu vibaya. Hakunikosea kitu, maskini, lakini hasira ile ni ya zamani kuliko yeye.

Ngoja nikusimulie ilikotoka. Nilikulia kwa bibi, nje kidogo ya Igowole, kwenye baridi ya kuota moto mpaka saa nne asubuhi. Bibi alilima viazi vyekundu vyenye unga, tukivifukia kwenye majivu na kuvila kwa chumvi tu, vidole vikiungua. Mbegu yake alikuwa nayo tangu alipoolewa. Kila mavuno alichagua vidogo vilivyo vizuri, akavitandaza uvunguni mwa kitanda chake, na hakuna aliyevigusa hata tukilala njaa.

Siku ya kuuza, mnunuzi alikuja na lori lake, bei yake ikiwa ni ya gunia moja hata likijazwa vipi, akashindilia magunia kwa magoti. Viazi vikubwa viliacha mapengo, na mikono yangu ndiyo iliyopenya. Akanisifu, akaniita fundi. Nilikuwa na miaka saba, na kwetu sifa hazikugawiwa ovyo. Akaniambia nitafute vidogo vya kuzibia. Nikaenda uvunguni na beseni, nikarudi tena na tena, mpaka pakabaki vumbi.

Vilikuwa vimeshaanza kuchipua. Mnunuzi aliyaona yale machipukizi meupe, akayakwanyua kwa kidole gumba, akanirudishia viazi niendelee kupachika. Mtu mzima, mtoto wa wakulima, anaijua mbegu akiiona. Na wakati huohuo bibi alikuwa jikoni anamchemshia chai.

Wanaosema watu wa zamani walikuwa na utu, wasije kuniambia mimi.

Bibi hakunipiga. Aliinama akatazama uvunguni. Kisha akaenda kuomba mbegu kwa jirani, akapewa vile vyeupe vya majimaji. Msimu uliofuata mnunuzi alirudi, akauliza fundi wake yuko wapi.

"Hapa hakuna fundi wako," bibi alimwambia. "Kuna mjukuu wangu, na yuko shule."

Sikuwa shule. Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia kila kitu. Nikamsikia pia bibi akimuuzia, lumbesa ileile, kwa sababu lori lililofika kwetu lilikuwa hilo moja.

Sasa bibi hayupo. Viazi vyake nimevitafuta mpaka soko la Mbalizi, wauzaji wananishangaa tu, na wanangu nikiwasimulia ladha yake wanadhani natia chumvi. Mnunuzi yule yu hai. Nasikia ni mzee anayeheshimika sana. Siku nikikutana naye njiani nitamwamkia shikamoo, kwa kuwa bibi ndivyo alivyonilea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.