Chaki ya Mwongeli

Niseme ukweli kwanza: siku Mwongeli alipofungua mtumba wake wa kwanza hapa Githurai 45, mimi Waithira, jirani yake wa meza, nilimcheka mpaka machozi yakanitoka. Leo wateja wananipita kwenda kwake, wala sicheki tena.

Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda kimoja cha serikali mjini Thika. Kitambaa kikipita mbele yake anakipapasa, na akigusa uzi uliokatika anatia msalaba wa chaki nyekundu. Lakini msimamizi wake, Kinuthia, alikuwa na swali moja tu kila jioni: "Meta ngapi?" Mpango kutoka Nairobi ulitaja meta, haukutaja matundu. Vyenye msalaba na visivyo na msalaba vilipakiwa lori moja, vikaenda kushonwa sare, na waliopewa wakavaa walichopewa. Nani angekataa? Hilo lilimuuma Mwongeli kuliko mshahara mdogo.

Kisha soko likafunguliwa kwa nguo za nje, mitumba ikamwagika nchini, kiwanda kikafungwa. Akachukua malipo yake ya mwisho, yote, akanunua mtumba mmoja wa sweta za watoto. Zisipouzika, yeye na bintiye Nzilani wangerudi Matuu kwa wazazi, kulima shamba lisiloona mvua. Alituambia hivyo waziwazi.

Na sasa ona alichofanya! Akaketi, akapapasa sweta moja moja, akatoa chaki nyekundu, akaanza kutia misalaba kwenye mali yake mwenyewe.

"Ngai! Mama Nzilani, unafukuza customer?" nikamwambia. "Hapa kila kitu ni grade one."

"Iliyotoboka imetoboka," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Siku tatu hakuuza hata moja. Watu walitazama misalaba, wakacheka, wakaja kwangu. Siku ya nne nilimwona akikunja gunia lake, macho mekundu, nikajua safari ya Matuu imefika. Roho iliniuma, lakini niliendelea kuita wateja wangu. Mimi nami nina watoto.

Hapo ndipo akaja Nakhumicha, mwalimu mkuu wa shule moja ya nasari huko Ruiru, akitafuta sweta arobaini. Akaokota moja.

"Mama, huu msalaba ni wa nini?"

"Uzi umekatika kwapani. Mtoto akiinua mkono mara mbili, imeisha."

Nakhumicha akaivuta kwapani. Likatokea tundu la kupitisha kidole. Akaokota nyingine isiyo na alama, akaivuta kwa nguvu zake zote, nayo ikakaa imara. Akazitenga zenye msalaba, akazisukuma kando.

"Hizi sitaki. Nifungie hizo zingine zote."

Mwongeli akaruka, akapiga vigelegele hata makanga wa stendi wakageuka. "Amezikataa! Waithira, umesikia? Amezikataa!"

Nilidhani amechanganyikiwa. Mtu mzima anafurahia kukataliwa? Nikamwambia ashukuru kwa zile zilizonunuliwa. Akanishika mabega, analia na kucheka kwa pamoja.

"Miaka kumi na mmoja, Waithira," akasema. "Miaka kumi na mmoja nikisema hii ni mbovu, hii ni mbovu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amenisikia."