Kiti Chenye Ua Mgongoni

Wageni wote waliowahi kufika nyumbani kwa Mama Vidole walikikalia kile kiti mara moja tu. Chai waliimalizia wamesimama, wakidai eti wanapenda kutazama nje dirishani. Na dirisha lenyewe linatazamana na ukuta wa jirani, jamani.

Si kwamba kiti kilikuwa kibaya. Afadhali kingekuwa kibaya! Kilikuwa kizuri kupita kiasi: mbao ngumu nyekundu iliyopigwa msasa ikalainika, miguu iliyonyooka, mikono iliyojikunja kwa madaha mwishoni, na katikati ya egemeo, ua kubwa lililochongwa jani kwa jani. Ua hilo lilijitokeza kiasi cha unene wa kidole gumba, tena lilijitokeza pale pale uti wa mgongo unapotaka kupumzika. Aliyelichonga ni Fundi, mume wa Mama Vidole, seremala ambaye kila kipande cha mbao ndani ya nyumba ile kilipitia mikononi mwake. Kiti alimtengenezea mkewe alipopata kazi. Alikibeba kichwani mwenyewe kutoka karakana, akakitua mbele ya meza na kusema, "Haya, kaa."

Mama Vidole akakaa. Ua likamchoma. Akamtazama mumewe aliyesimama pale jasho likimtiririka, macho yamemtoka kwa hamu ya kusikia neno, akasema, "Fundi wangu, tangu nizaliwe sijakalia kiti kama hiki."

Basi, neno likishatoka utalirudisha wapi? Tangu siku ile akawa mtumwa wa sifa zake mwenyewe. Mgeni akiingia tu, "Hebu kaa hapo uone kazi ya mume wangu!" Fundi naye atajifanya anatafuta kitu kabatini, lakini mabega yanaonekana yalivyopanda kwa furaha. Mgeni akishaondoka, Mama Vidole anarudi mezani, anachungulia mlangoni, anavuta droo, anatoa kimto alichokishona mwenyewe na kukishindilia mgongoni. Akisikia hatua za Fundi, kimto kinarudi drooni mbio.

Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Ofisi moja ilikuwa ikimletea rekodi za mikutano, za kamati hizi na bodi zile, naye kazi yake ni kusikiliza na kuandika kila kinachosemwa. Anavaa hedifoni, anaweka mguu kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, na vidole vinaanza. Vidole vyake vilikuwa na mbio ambazo waliomletea rekodi walizoea kusimama nyuma yake kuzitazama tu, na ndiko jina lilikotoka.

Watu hudhani kazi hiyo inachosha. Mama Vidole aliipenda jamani, aliipenda mno. Wale watu wa kwenye rekodi hakuwahi kuwaona hata siku moja, lakini aliwajua kuliko majirani. Kulikuwa na mzee mmoja wa kamati ya maji ambaye akisema "kwa ufupi," ujue hamalizi leo, chai ichemshwe kabisa. Kulikuwa na mama mwenye bangili, na bangili zikianza kulia Mama Vidole anajua ugomvi unakuja, hata kabla ya mwenye bangili kujua. Na kulikuwa na mweka hazina mwenye kikohozi. Mkutano mmoja ulipita bila kikohozi hicho, na Mama Vidole akashindwa kula vizuri, akiwaza kama yule baba amelazwa au vipi. Rekodi iliyofuata, kikohozi kikarudi. Alipiga makofi peke yake chumbani, akaandika huku anatabasamu.

Lakini mgongo nao una siku yake ya kukataa. Ulianza kwa kumvuta akiinama, ukaja kumbana akisimama, mwisho akawa anateremka kitandani kwa awamu, mguu kwanza, halafu anapumzika, halafu mwingine. Binti yao, muuguzi, alimwona akifunga viatu huku amejilaza kitandani, hakuuliza tena. Alimchukua hadi kwa mtaalamu wa viungo wa pale hospitalini kwao.

Yule mtaalamu alimbonyeza mgongo kidogo tu, akasita. "Mama, kazini unakalia nini?"

"Kiti."

"Kiti cha namna gani?"

"Cha mapenzi," akajibu Mama Vidole, na binti yake akaangalia pembeni asicheke.

Mtaalamu hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba mtu anayekaa kutwa nzima anahitaji kiti kinachopanda na kushuka, nyayo zitulie sakafuni, egemeo limshike kiunoni bila kumsukuma, na viwiko vipate pa kutua. "Badilisha kiti, mama, au acha kazi. Moja kati ya hayo. Ukiendelea hivi, itafika siku utashindwa kuinuka."

Nje ya mlango binti akasema, "Si rahisi tu? Tunakwenda kununua kiti."

"Na baba yako nimwambieje?"

"Mwambie kile kinakuumiza."

"We mtoto, una wazimu? Nimekisifia mbele za watu tangu hujazaliwa! Leo nimwambie nilikuwa namdanganya?" Akashusha sauti, maana watu walikuwa wanapita. "Na wewe unajua hali ya karakana ilivyo sasa hivi. Watu wanakimbilia vitu vya dukani. Kila jioni baba yako anarudi anavilaani viti vya plastiki na skrubu zao. Halafu mkewe, mkewe wa ndoa, aingize kimojawapo nyumbani kwake? Hatashika tena randa yule. Namjua."

"Kwa hiyo utaacha kazi kwa ajili ya ua la mbao."

"Nitaacha kazi," akasema Mama Vidole. Binti akamshika mkono, wakaenda hivyo hadi kituoni.

Siku chache baadaye akavaa gauni lake la heshima, akamwambia Fundi anapitia ofisini mara moja. Hakumwambia anakwenda kuaga. Fundi naye akasema anatoka, anakwenda kuangalia mbao. Wakaachana mlangoni vizuri tu, huyu akamkung'uta yule unga wa mbao begani, yule akamwambia huyu avuke barabara kwa uangalifu.

Njia nzima Mama Vidole alikuwa akitunga maneno ya kumwambia msimamizi, na kila akiyapanga yanavurugika. Nani atamwandikia mzee wa kwa ufupi? Si wataukata usemi wake wote, waandike mstari mmoja! Alikuwa amebakiza majengo machache kufika ofisini pale mgongo ulipombana, akasimama kupumua mbele ya duka la samani, lile kubwa lenye vioo. Na ndani ya kioo akaona viatu anavyovijua.

Viatu vya Fundi. Juu ya viatu, Fundi mwenyewe na koti lake la karakana. Na mbele ya Fundi, dada mmoja muuzaji, kijana, nadhifu, anacheka mpaka anajishika mbavu.

Ala! Mwanamke wa umri wake alidhani wivu umeshamtoka siku nyingi, kumbe ulikuwa umelala tu. Akasukuma mlango taratibu, akajibanza nyuma ya safu ya makabati yaliyofungwa nailoni, akatega sikio. Na kama kuna mtu mwenye sikio, ni yeye.

"Mzee wangu," dada muuzaji alikuwa akisema, "umeshakalia viti vyote vya duka. Hiki kina kasoro gani? Mimi naona kimekukaa sawasawa."

"Mimi hakinihusu. Ni cha mke wangu."

"Sasa si umlete mwenyewe achague?"

"Hawezi kuja. Hajui." Fundi akajikuna kichwa. "Mke wangu ana kiti nilichomtengenezea. Anakipenda kufa. Kila mgeni lazima akalishwe hapo. Sasa nikimwambia kinamuumiza, si nitamvunja moyo? Atadhani nakikataa mwenyewe. Nataka nimwingizie kingine polepole, niseme karakana wamenipa, sijui niseme nini."

"Umejuaje kinamuumiza kama yeye anakisifia?"

"Namwona, dada. Ngoja nikuonyeshe anavyokaa, labda utanisaidia vizuri zaidi."

Na hapo Fundi, baba mzima, seremala wa kuheshimika, akakaa kwenye kiti kile cha magurudumu na kuwa mkewe. Akasogea mbele mpaka ukingoni, mgongo mbali na egemeo. Akauficha mguu wa kushoto chini ya paja la kulia. Akalipandisha bega moja na kuinamisha kichwa upande ule wa hedifoni. Mguu uliobaki ukawa unakanyaga pedali ambayo haipo, vidole vyake vikubwa vilivyozoea randa vikawa vinachapa hewani kwa mbio, na pale mzungumzaji wa kwenye rekodi anapomumunya maneno, Fundi akang'ata mdomo wa chini, akarudisha sauti nyuma, akasikiliza tena, akatabasamu.

"Hapo kuna mzee mmoja amesema kwa ufupi," akamweleza muuzaji. "Anampenda sana yule."

Dada muuzaji alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Lakini Fundi hakuwa amemaliza. Vidole vikasimama. Akageuza kichwa, akatazama mlango kwanza, akautazama vizuri kuhakikisha hakuna mtu. Ndipo akapeleka ngumi nyuma ya kiuno na kujisugua, macho kayafumba.

"Hivi," akasema. "Kila akimaliza ukurasa. Na ana kimto anakificha drooni nikija. Anadhani sijui."

Muuzaji akaacha kucheka.

Nyuma ya makabati, Mama Vidole alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Alijiona mwenyewe pale kitini, mzima mzima, hata lile tabasamu ambalo hakujua analo. Mtu ametazamwa namna ile miaka yote na hajui! Alimpenda mumewe wakati ule kwa mapenzi yaliyomuuma kuliko mgongo. Akalia, na akilia ana kawaida ya kupenga kamasi kwa kelele.

Fundi akageuka. "Nani huyo?"

Akatoka nyuma ya makabati, gauni la heshima na macho mekundu. Fundi akaruka kutoka kitini, kiti nacho kikatoroka kwa magurudumu yake hadi ukutani.

"Ulisema unakwenda kuangalia mbao," akasema Mama Vidole.

"Na wewe ulisema unapitia ofisini."

"Nilikuwa nakwenda kuacha kazi."

"Kuacha kazi?" Fundi alipaza sauti hadi mtu mwingine dukani akageuka. "Kazi yako? Kwa nini?"

Angeweza kudanganya tena. Alikuwa na uzoefu. Lakini alimtazama alivyosimama, mkono bado uko kiunoni, amesahau kuutoa, akaona haiwezekani. "Kwa sababu kiti chako kinaniumiza, mume wangu. Na nilikuwa siwezi kukuambia."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema haya, kaa."

Tusidanganyane, neno lile lilimuuma Fundi. Akatazama mikono yake, uso ukamwanguka. Mtu anayejua kazi yake ni nzuri na mtu anayegundua imemuumiza mkewe miaka yote ni mtu mmoja, na wanagombana ndani yake. Mama Vidole aliona ugomvi huo, akawa tayari kabisa kuomba msamaha na kwenda zake ofisini kuaga.

"Ni lile ua," Fundi akasema mwishowe.

"Ni lile ua."

"Niliwahi kuja na patasi nilitoe. Hukuwepo. Nikakumbuka unavyowaambia wageni waliguse, nikarudisha patasi." Akatikisa kichwa. "Ningelitoa siku ile ile ya kwanza, mama, ungesema tu. Dakika mbili. Chwa!"

"Na ole wako uliguse sasa," akasema Mama Vidole. "Kile kiti kinakaa sebuleni. Wageni wakione."

"Wakikalie?"

"Hapana, masikini. Wakione tu."

Hapo Fundi akacheka, akacheka mpaka akaegemea kabati, na mkewe naye akashikwa, huku anashika kiuno na kulalama, "Usinichekeshe, panauma." Dada muuzaji aliona hiyo ndiyo nafasi yake, akakifuata kiti ukutani na kukirudisha. Kilikuwa cheusi, egemeo la wavu, mikono inayopanda, hakina urembo hata chembe. Fundi alikitazama kwa dharau ya kazini, lakini akakishikilia kisiteleze.

"Haya, mama," akasema, "kaa."

Mama Vidole akakaa, akarudi nyuma kabisa, egemeo likampokea. Miguu ikaning'inia. Muuzaji akataka kuinama, Fundi akamzuia kwa mkono, akapiga magoti mwenyewe palepale sakafuni mbele ya watu, akatafuta kishikio chini ya kiti na kukivuta. Kiti kikashuka. Akapitisha kiganja chini ya nyayo za mkewe kuona kama zimetua.

"Hapo?"

Mama Vidole alifungua mdomo kusema hapo hapo, vizuri sana, sijawahi. Akaufunga.

"Bado," akasema.

Fundi akainua macho, akamtazama kidogo, akavuta tena. "Hapo?"

"Bado kidogo."

"Una uhakika, au unanitesa?"

"Nina uhakika. Shusha."

Akashusha. Mama Vidole akafumba macho, akausikiliza mgongo wake bila haraka yoyote, na Fundi akabaki amepiga magoti, anangoja jibu.