Siku Gaudiosa Alipopumzishwa kwa Nguvu

Izimbya nzima hakuna aliyewahi kumwona Gaudiosa ameketi bila kazi. Hata kanisani, padri akihubiri, vidole vyake husuka mkeka usioonekana. Alilea watoto sita, akamzika mume, akapigana na mnyauko wa migomba mpaka mnyauko wenyewe ukaomba radhi.

Sasa bintiye Evelyne alikuwa amehudhuria semina ya afya, akarudi nayo kama Musa aliyeshuka mlimani. Amri ilikuwa moja: mama ahamie kwake Kashai, mjini, kwenye chumba cha uani, na kibanja chake cha migomba wapewe watu wakikodi.

"Huko Kashai nitafanya nini?"

"Utapumzika, mawe," Evelyne akasema, akimwita mama kwa Kihaya.

Gaudiosa alishtuka kama aliyesomewa hukumu. Walibishana wiki nzima, mwisho wakawekeana dau. Jumapili baada ya misa wangekwenda bustani ya ufukweni, mjini Bukoba. Mama akikaa mpaka jioni bila kugusa kazi, atakuwa ameonyesha kwamba kupumzika anakujua, arudi kwenye migomba yake na asisumbuliwe tena. Akishindwa, vyungu vinahamia Kashai.

Basi hao kwenye benchi, soda mkononi. Mbele yao ziwa limejilaza tu. Halipalilii, halichumi kahawa, na bado watu wanalipiga picha.

Mambo yangekwenda vizuri kama Gaudiosa asingegeuka nyuma. Kando ya maua palikuwa na migomba, imepandwa kwa urembo na mtu ambaye bila shaka aliijua kwa kuiona kwenye kalenda. Majani makavu yananing'inia mpaka chini. Machipukizi yamebanana kama ndugu wa marehemu siku ya kugawana mali.

"Evelyne, ile migomba inalia."

"Mawe! Hiyo ni kazi."

"Sijaigusa. Nimeitazama."

"Tazama ziwa."

Akatazama ziwa. Shingo ikarudi nyuma yenyewe. Akaamua kuikalia mikono yake. Audax, mlinzi wa bustani, alipita na filimbi shingoni akamwona anavyotetemeka.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana waitu, mwanangu. Ninapumzishwa."

"Pole sana," Audax akasema, na alimaanisha.

Mchana wingu likatanda. Ilikuwa Novemba, na manyunyu yalipokatika tu, vitu vya kijani vikaanza kudondoka kutoka angani. Senene, wale panzi watamu wa msimu! Nyasi zote zikawa zinarukaruka.

Evelyne alimtazama mama yake. Akatazama nyasi. Kisha mtoto wa semina akarusha viatu vyake virefu huku na huku, akapandisha gauni magotini, akaruka kibao cha USIKANYAGE NYASI kama mbuzi aliyekata kamba. Akakung'uta mkoba: rangi ya mdomo, simu, cheti cha semina, vyote chini! Akaanza kujaza senene. Audax alipuliza filimbi mara moja, kwa ajili ya mshahara, halafu akavua kofia akaanza kujaza ya kwake.

"Evelyne!" Gaudiosa alipaza sauti kutoka benchini. "Unafanya kazi!"

"Hii si kazi, mawe! Hawa ni senene!"

"Umeinama, jasho linakutoka, na kesho utashinda ukinyonyoa mabawa. Kama huko ni kupumzika..."

Akainuka taratibu, kwa heshima zote, akaiendea migomba. Akashika jani kavu la kwanza akalivuta. Kwaaa! Mwili mzima ukasisimka.

"...basi na mimi napumzika!"

Evelyne alifungua mdomo ajibu, senene mmoja akauwahi kuingia. Alipomtema, alikuwa anacheka mpaka amekaa chini.

Kufikia jioni migomba ilikuwa imependeza kama bibi harusi, na Audax anauliza mama atakuja lini kupumzika tena. Evelyne mwenyewe ndiye aliyembebea mama kikapu mpaka kwenye gari la Izimbya, peku, maana kiatu kimoja hakijaonekana mpaka leo.

"Na kile chumba cha uani, mawe?" akauliza dirishani.

"Kaushia senene humo," akasema Gaudiosa, gari likaondoka.