Siku Mawe Yangu Yalipotundikwa Ukutani

Ulikuwa mwaka wa michembe. Mvua ilikuja, ikatusalimia, ikaenda zake. Mahindi yakasimama makavu kama fimbo za kuchungia, na kuanzia Buhongwa mpaka kwetu Mkolani watu walikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, asubuhi, jioni wakaila tena kwa karanga. Hata wenye magari. Nilimfuma jirani yangu mwenye magari mawili anatafuna michembe nyuma ya geti lake, amejificha kama mwizi, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mwaka huo ndio mjukuu wangu alimaliza chuo akarudi. Nisimseme sana huyu, mtasema najisifu. Na kweli najisifu. Nimemlea mimi, kwa dagaa na kwa viboko, na leo ana digrii. Digrii ya nini? Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

"Bibi, mimi ni msanifu wa mandhari."

"Ndiyo nini?"

"Napanga nje ya nyumba. Miti isimame wapi, maji yapite wapi, watu wakae wapi."

"Mke mwenza, mbona hiyo nimeifanya tangu nilipoolewa na sijavalishwa kofia?"

Ndivyo tunavyotaniana. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, amekuja kuninyang'anya mume. Babu yake tulishamzika, lakini utani hatukuuzika.

Nyumba yangu iko kwenye mteremko wa kilima cha mawe. Zamani mvua ikinyesha maji yalishuka na kila kitu: mchanga, mbegu, kandambili, siku moja kuku mzima. Nilipoletwa hapa kama mke, udongo haukutosha kujaza sufuria. Mama mkwe wangu akanionyesha kulaza mawe ya kukinga maji. Jiwe kubwa linakaa chini, mgongo wake utazame juu, madogo yanaingia kwenye mapengo. Akapanga matatu, akasema kiuno kinamuuma, akaenda kukaa. Mengine yote nimepanga mimi. Mtoto mgongoni, jiwe kichwani, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa kuta saba, na nyuma ya kila ukuta udongo mweusi wa kuotesha matembele, maboga na mapapai.

Mjukuu akaja na wenzake kupima. Walikuwa na kamba, na kidude kinachoruka juu kikipiga picha na kulia kama nyigu. Kuku wangu hawakutaga siku mbili. Pamoja nao alikuwepo mwalimu wa historia kutoka chuoni, baba mmoja wa miwani, mpole sana. Alinisalimia "Mwadila mayo" kwa Kisukuma cha kuazima, nikamwitikia, nikamletea kigoda. Akafungua daftari.

"Bibi, uwanja huu ni wa nani?"

"Ni wa wakwe zangu. Wazee wa mji huu."

"Na haya mawe?"

"Ni ya hao hao."

Sasa nieleweni. Mimi nimeolewa katika mji huu, boma la ukoo wa mume wangu. Kwa malezi yangu, mke aliyeolewa hasemi "changu" mbele ya mgeni. Hata kuku nimemnunua mwenyewe, mgeni akiuliza nasema ni wa wakwe. Ni adabu tu, na kila mwanamke niliyekua naye anaijua. Nilidhani na mwalimu anaijua, maana miwani ile ilikuwa minene. Yeye akaandika. Akaandika tena. Mjukuu alikuwa huko chini anashika kamba, hakusikia.

Baada ya wiki chache nikaambiwa nijiandae, kuna maonesho mjini, kwenye ukumbi mmoja karibu na ziwa. Wasanifu wanaonyesha michoro yao kwa watu wote, na watu wa historia wanaeleza mambo ya zamani, bure, yeyote aingie. Nikavaa kitenge changu cha harusi za watu.

Niliingia nikaona picha ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Mistari ya kijani, ya kahawia, viduara viduara.

"Hii nini?" nikamuuliza mjukuu.

"Bibi! Si kwako?"

Nikainamisha kichwa kulia, nikainamisha kushoto. Nimeishi pale maisha yangu yote na sikupaona. Kwangu mimi huwa napaona nikiwa nimesimama chini, sijawahi kuwa mwewe. Akanishika kidole akakipeleka: huu mpapai, hiki choo, hizi kuta saba. Choo changu ukutani, na watu wazima wanakitazama huku wanakunywa juisi! Sikujua nione aibu au nitambe. Nikafanya vyote viwili.

Mwalimu akasimama akaeleza. Akasema kuta hizi zilijengwa na mababu wa ukoo, wanaume wa zamani, wenye maarifa makubwa. Akasema ukuta wa nne umepinda makusudi, mababu waliuchora kwa umbo la mwezi mchanga.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, maana wote walikuwa wanapiga.

Mwezi? Ukuta wa nne umepinda kwa sababu pale kuna jabali. Nilisukuma siku tatu, likagoma, nikalizunguka. Mimba ilikuwa ya miezi sita.

Nilikaa kwenye kiti nikiwa sijielewi. Nikajiuliza, kwani ameongopa? Si nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, ni ya wazee? Na yale matatu ya kwanza ya mama mkwe, je? Na yeye si alifundishwa na mtu? Labda ndivyo historia yenyewe ilivyo, mimi sikufika huko, niliachia darasa la tatu. Kichwa kikawa kama maji ya kufulia.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini. Kitenge nilichovaa kilitoka kwake. Akaninong'oneza, "Bibi, mawe mengi hivi, nani alibeba?"

"Mimi."

"Wewe? Mgongo haukuuma?"

"Unauma mpaka leo."

Akatazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Basi mbona wanapigiwa makofi wafu?"



Ndipo nikaitwa mbele. Palikuwa na karatasi nzuri yenye utepe, ibandikwe chini ya picha na baadaye iingie kwenye kitabu, na kidau cha wino wa kuweka kidole gumba. Mimi nasoma, polepole, lakini nasoma. Wao hawakujua. Nikasogeza uso. Ka-zi ya ma-ba-bu. Chini yake: mimi, mtunzaji, nathibitisha.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama pale, kazi yake ya kwanza, wakubwa wake wote wanamtazama. Uso wake uling'aa kwa furaha. Nikisema neno, namwaibisha mtoto niliyemlea mwenyewe. Nikinyamaza, natia wino kwamba maisha yangu yote nilikuwa natunza tu kazi ya wanaume nisiowahi kuwaona.

"Bibi, weka hapa," mwalimu akasema, akanishika mkono kwa upole.

Nikauvuta mkono.

"Siweki kidole. Mawe haya nimebeba mimi."

Mwalimu akafungua daftari lake haraka haraka. "Lakini bibi, ulisema ni ya wakwe."

"Nilisema. Ilikuwa adabu, mwanangu. Wewe ukaandika adabu yangu."

Mjukuu akanisogelea, jasho puani. Hakukasirika, nadhani. Sijui. Mpaka leo sijui vizuri alikuwa na uso gani. Akasema kwa sauti ya chini, "Mke mwenza, nakuomba. Weka tu leo, watu waondoke. Kesho nitarekebisha mwenyewe, naapa."

Nilimpenda pale kuliko siku zote, na moyo uliniuma kuliko jabali lile. Nikamfuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Siweki kidole. Mawe haya nimebeba mimi."