Kaa Mwenye Maji

Nilipokuwa mtoto pale Mbotela, mtaa wa jijini, miaka ya tisini, tulishika kaa wa mtoni kwa uzi wa gunia na utumbo wa kuku. Unautumbukiza utumbo shimoni, unangoja aung'ang'anie kwa gando, kisha unamvuta taratibu na kumbana mgongoni kwa vidole viwili. Ukiwa na pupa, anakukata. Mimi, msichana, sikuwa na pupa, na kwa hilo niliwashinda wavulana wote wa mtaa.

Lakini kaa mmoja hakuguswa. Aliishi katika chemchemi ndogo bondeni, ambako mtaa mzima uliteka maji mifereji ilipokauka, na ilikauka mara kwa mara. Kukhu, yaani mama mzaa baba, alituonya.

"Huyo ndiye mwenye maji. Ndiye anachimba njia. Mkimtoa, yatamfuata."

Imani hiyo alitoka nayo kwao Magharibi. Jirani yetu Mama Rehema, mtu wa Pwani, alimcheka: "Makubwa! Kwetu kaa twamla, nyinyi mwampa uchifu."

Kisha mdogo wangu Wekesa akashikwa na kifaduro. Alikohoa mpaka pumzi ikampotea. Dawa ya zahanati iliisha bila nafuu. Kukhu, aliyeamini kwamba supu ya kaa hutuliza kifua, akanituma mtoni. Lakini mto ulikuwa umeshaharibiwa na maji machafu ya viwandani, mweusi kama wino. Nilipekua mashimo mchana kutwa nikapata magamba matupu.

Kukhu alilitazama kopo langu, akamtazama Wekesa.

"Nenda chemchemi," akasema.

"Kukhu, si ulisema..."

"Nimesema nenda, mama."

Kaa yule hakuwa mjanja. Hakuwahi kuwindwa, maskini, hata utumbo sikuuhitaji. Kukhu alimpika mlango ukiwa umefungwa, akamnywesha Wekesa kwa kijiko.

Wekesa alifariki wiki hiyo hiyo. Kabla kiangazi hakijaisha, chemchemi nayo ikabaki tope. Magamba yalikuwa yameonekana jalalani, na mtaani hakuna siri. Mama Rehema, yule yule aliyecheka, akawa anapita mlangoni kwetu na ndoo yake kwenda kupanga foleni ya maji Makadara, bila hodi wala salamu. Kukhu hakujitetea hata siku moja. Niliumia sana, nikatamani aseme ni jua tu.

Leo nasema mwenyewe kwamba lilikuwa jua, na nyumba zilizojengwa juu ya lile bonde. Siamini kwamba kaa hushika maji. Lakini Kukhu aliamini, na hapo ndipo roho huniuma. Mimi nilitumwa kushika kaa. Yeye alijua anatoa maji ya mtaa mzima, na yake mwenyewe, kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtoto hakubaki. Watu walikuja kumpa pole ya mtoto. Ya maji, hakuna aliyempa.