Mtoto Aendesha?

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofunguliwa tena, mume wangu Ochola alitangulia peke yake kuja Kenya, akapata kazi ya kupiga lipu kwenye hoteli ya Waitaliano iliyokuwa ikijengwa Malindi. Mwaka uliofuata alirudi kwetu Shirati kutuchukua, mimi na mtoto wetu Simeon, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa.

"Usiogope ugeni," aliniambia ndani ya basi. "Tunakwenda nyumbani kwa Kiswahili. Wewe uliyewashinda wote Kiswahili darasa la saba, huko utakuwa mwalimu wao."

Kitu cha kwanza nilichokipenda Malindi kilikuwa duka la Chimanlal. Kwetu miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na sukari tuliisikia kwa wenye jamaa vyeoni. Hapa miche ya sabuni ilipangwa hadi darini, na gunia la sukari liliachwa wazi, nyuki wakiingia na kutoka. Nilichukua mche mmoja nikaunusa, nikaunusa tena.

"Mama, wanunua au wanusa tu?" Chimanlal akauliza.

Nilinunua sabuni na sukari. Sukari nikaifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, nimwekee mama yangu.

Nilichokichukia ni maji. Kisima cha uani kilikuwa cha chumvi, chai ikawa kama mchuzi. Jirani yetu Kabibi, mama wa Kigiriama kutoka Ganda, alikuwa akishona makuti pale uani. Alinicheka nilivyokunja uso.

"Ndugu Adhiambo," akaniita, kwa sababu mimi nilizoea kumwita kila mtu ndugu, kama kwetu. "Ni kweli huko kwenu mwafua kwa majani ya mpapai?"

"Kweli, mama."

"Basi kunywa chumvi yako ushukuru. Sabuni unayo."

Tulicheka sote. Nilianza kuona nitapazoea.

Kisha Simeon akashikwa na homa. Tumbo nalo likamfunguka, kila nepi niliyomfunga ikalowa. Nikambeba hadi zahanati. Nesi alikuwa amechoka, foleni imefika barabarani. Hakuinua uso.

"Shikamoo, dada. Mtoto ana homa tangu jana, halafu tum..."

"Jibu nikuulizacho. Atapika?"

"Mara moja."

"Aendesha?"

Nilisita. Kwetu mtu huendesha gari, huendesha baiskeli, huendesha mkutano. Nikawaza, labda watu wa pwani husema hivyo kwa mtoto aliyeanza kwenda mwenyewe.

"Hapana, dada. Bado."

"Vizuri."

Nilishangaa kidogo, kutotambaa kuna uzuri gani? Lakini alikwisha kunipa vidonge vya malaria. "Nenda ukamsagie. Mwingine!"

Neno la tumbo lilibaki mdomoni. Nilijua nesi anajua kazi yake; kama tumbo lingekuwa na maana, angeliuliza.

Kesho yake asubuhi Kabibi aliziona nepi zimejaa kwenye kamba.

"Mama Simeon, mwana aendesha huyu!"

"Na wewe pia? Aendeshe nini, mama, na hata kutambaa bado?"

Kabibi alianza kucheka, akaacha. Aliuweka mkono kwenye utosi wa Simeon. Utosi ulikuwa umebonyea. Akaifinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama vile alivyoifinya.

"Kuendesha ni kuhara, mwanangu," alisema polepole. "Nesi hakukuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Nilimwinua Simeon begani. Kabibi alikuwa ameshaligeukia jiko.

"Una sukari?"

Nikalifungua kopo la mama. Kabibi alichemsha maji, akakoroga sukari na chumvi kidogo, tukatoka mbio, yeye na kikombe, mimi na mtoto. Njia nzima tulimnywesha kwa kijiko. Maji yalitoka pembeni mwa mdomo. Alilia, lakini machozi hakuwa nayo.

Foleni ilikuwa ndefu kama jana. Watu walitupisha. Tulipofika mbele, Simeon alikuwa mzito begani mwangu, mzito kuliko alivyokuwa siku zote. Nesi alimpokea, akamlaza, akamfunika.

"Mbona hukusema mtoto anaendesha?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

Shirati ni mbali, na maiti haisubiri kwenye joto la Malindi. Mwambire, kaka yake Kabibi, alitupa mahali pembeni mwa shamba lake la muhogo kule Ganda. Ochola alikuja na saruji na mwiko wake, akalipiga lipu lile kaburi dogo, akalilainisha, akarudia kulilainisha, mpaka Mwambire akamshika mkono. Tangu siku ile hajautaja tena ualimu wangu.

Sisi hadi leo tunapanga chumba kimoja. Katika sisi watatu, Simeon ndiye aliyepata ardhi.

"Poleni," Mwambire alituambia tulipokuwa tukiondoka. "Msijione wageni tena. Sasa hapa ni penu."

Alisema kwa wema. Nilimshukuru kwa Kiswahili kizuri, kile cha darasa la saba.